Mshono Kombo: Cherehani ya Zamani Inaposingiziwa

Cherehani ya zamani ikianza kushona kombo, mkono wa kwanza huenda kwenye skurubu ya mkazo wa uzi. Ndiyo iliyo karibu, inazungushika kwa vidole, na ukiigusa tu kitu fulani hubadilika papo hapo. Baada ya muda uzi wa juu unakatika, wa chini unafanya vitanzi, na mshono bado ni kombo. Hapo ndipo bisibisi inapoletwa. Nyumba ya bobini inatolewa, na ile skurubu yake ndogo, ambayo pengine haikuguswa kwa miaka mingi, inalegezwa nayo. Sasa mashine ina maradhi matatu badala ya moja, na mwenyewe anaanza kusema imezeeka.

Mara nyingi haijazeeka. Mishono mingi ya kombo inayotoka kwenye cherehani kuukuu haina uhusiano na ukuukuu wake. Hutokana na vitu vinavyobadilishwa kila siku au kila wiki: sindano, uzi, kitambaa, na namna mkono unavyokiongoza. Sehemu nyingine, ndogo lakini ya kukera, hutokana na jinsi mashine ilivyobuniwa, na ilikuwepo tangu siku ilipotolewa kwenye kasha ikiwa mpya. Chuma chenyewe ni cha kushukiwa mwisho.

Ninazungumzia hasa mashine za mshono wa moja kwa moja. Kwanza ni zile Singer nyeusi za chuma cha kusubu, ambazo nyingi zilitoka kiwanda cha Clydebank, Uskoti, kilichofungwa mwaka 1980. Pili ni jamaa zao waliokuja baadaye, kama Butterfly za Shanghai, zilizofuata umbo la Singer 15. Ndizo zinazolia mchana kutwa kwenye baraza za maduka ya vitenge Kariakoo, ndizo zinazopunguza suruali za mitumba Gikomba, na ndizo zilizofunikwa kitambaa sebuleni kwa bibi zikisubiri msimu wa sare za shule. Zina sehemu chache zinazotembea na hazina kompyuta ya kuzidanganya, kwa hiyo kasoro yake inaweza kusomwa na mtu yeyote mwenye macho na subira.

Shida huanzia kwenye malalamiko yenyewe. Fundi na mteja wakisema mshono ni kombo, wanaweza kuwa na mambo matatu tofauti vichwani. La kwanza, mstari mzima umenyooka, lakini kila kishono, yaani kile kipande cha uzi kati ya tundu moja la sindano na jingine, kimelala hanamu, hivyo mshono unaonekana kama safu ya mikwaju midogo iliyoinama upande mmoja. La pili, mstari wenyewe unatangatanga: unaanza sentimita moja kutoka ukingoni na kufika mwisho ukiwa sentimita moja na nusu. La tatu, mashine imeshona sawasawa kabisa na kitambaa ndicho kilichopinda. Tiba ya jambo moja haigusi jingine, na tiba ya la pili ikitumiwa kwa la kwanza inaweza kuharibu mashine nzima.

Njia ya kuyatenganisha haihitaji zaidi ya karatasi ya daftari yenye mistari. Toa uzi wa juu, toa na bobini. Weka karatasi, shusha mguu unaokandamiza nguo, kisha piga sindano taratibu juu ya mstari mmoja, mara ya kwanza ukiiongoza karatasi kwa vidole kama unavyoongoza nguo, mara ya pili ukiiachia iende yenyewe. Inyanyue dhidi ya mwanga. Matundu yakiwa yamepangika kama askari wa gwaride, meno na mguu havina kosa. Upogo unaouona kwenye nguo umeletwa na namna uzi unavyopita kwenye sindano na kulala, au na kitambaa. Matundu yakitangatanga, uzi hauna kesi, kwa sababu haukuwepo. Badilisha sindano baada ya hapo, maana karatasi huitafuna ncha.

Tuanze na hanamu, kwa sababu ndiyo inayowasumbua watu wanaopenda kazi safi, na ndiyo inayoelezwa vibaya zaidi.

Sindano ya cherehani ina mfereji mrefu upande mmoja, unaoteremka kutoka karibu na shina hadi kwenye tundu. Upande wa pili, juu kidogo ya tundu, imebonyea ili ncha ya ndoano ipite karibu bila kuigonga. Uzi unashuka kwenye mfereji, unapita tunduni na kutokea upande uliobonyea, na hapo ndoano inadaka kitanzi na kukizungusha kwenye bobini. Kwenye Singer 15 na jamaa zake ndoano imekaa ubavuni, kwa hiyo uzi unapita kwenye sindano kutoka ubavu hadi ubavu, kulia na kushoto kwa anayeshona.

Sasa fuata uzi kwenye tundu moja la kitambaa. Kipande kinachotoka kwenye kishono kilichopita kinashuka upande wa ndoano. Kipande kinachokwenda kwenye kishono kijacho kinapanda upande wa mfereji. Kila kishono, basi, kinaanzia ubavu mmoja wa tundu lake na kuishia ubavu wa pili wa tundu linalofuata. Matundu yamepangika sawasawa, lakini uzi unaoyaunganisha unavuka kutoka upande hadi upande, na kuvuka huko ndiko jicho linakosoma kama hanamu. Hakuna kilichovunjika. Hata mashine iliyosetiwa na fundi bora itafanya hivyo kwa kiasi fulani.

Kiasi hicho kinaweza kukadiriwa. Sindano iliyoandikwa 100/16 ina unene wa milimita 1, kwani ile namba kubwa ni unene kwa sehemu za mia za milimita. Tuseme uzi unahama nusu milimita tu kutoka ubavu hadi ubavu. Kwa vishono vya milimita 2, mwinamo ni kama digrii 14, na mtu aliyesimama hatua mbili mbele yako anauona. Kwa vishono vya milimita 4, kuhama kulekule kunatoa kama digrii 7, na wengi hawataugundua mwinamo huo mpaka waambiwe. Sindano nene, uzi mnene na vishono vifupi vikikutana, hanamu inafikia kilele chake. Ndiyo maana fundi huyohuyo, kwa mashine ileile, anaonekana hodari kwenye blauzi ya pamba nyepesi na mzembe kwenye mfuko wa jinzi aliouremba kwa uzi wa rangi ya dhahabu. Kwa kitenge cha kawaida sindano 14 inatosha. Jinzi inataka 16 au 18, na hapo rekebisha urefu wa kishono badala ya kuilaumu mashine.

Jambo hili linaeleza pia kitu kinachowavunja moyo wapenzi wa chuma cha zamani: mashine ya plastiki ya nyumbani, ya bei ya chini, inaweza kutoa vishono vilivyonyooka kuliko Singer ya bibi. Nyingi ya hizo mpya hupitisha uzi kwenye sindano kutoka mbele kwenda nyuma. Uzi unafuata njia ileile ya mshono na hauna ubavu wa kuvukia. Si ubora wa kazi ya chuma wala si umeme. Na ndiyo maana anayeuza cherehani yake ya miguu ili anunue mashine ya kiwandani, akitumaini kuikimbia hanamu, anaweza kushangaa. Juki DDL-8700, ambayo imeenea sana viwandani na kwenye maduka ya mafundi, nayo hupitisha uzi ubavuni. Atakuwa amenunua kasi, na kasi ni kitu kizuri, lakini siyo aliyoifuata.

Kuna hanamu ya kuzaliwa na kuna hanamu ya kujitakia. Ya kujitakia huanza na sindano isiyo yake. Singer 15 na jamaa zake hutumia sindano ya aina ya HAx1, inayoandikwa pia 15x1, yenye shina nene ambalo upande wake mmoja ni bapa. Mashine za kiwandani hutumia DBx1, yenye shina la mviringo lililo jembamba zaidi. Zote mbili huuzwa kwenye kibanda kimoja, wakati mwingine zikiwa zimemwagwa kwenye kikopo kimoja. Ile bapa ndiyo inayoilazimisha sindano ikae na mfereji wake upande unaotakiwa. Sindano ya mviringo ikiingizwa mahali pake hubanwa na skurubu tu, inaweza kujigeuza kidogo kila ikigonga kitu kigumu, na kila ikigeuka uzi unahama na mwinamo wa vishono unabadilika. Mafundi wa ngozi wenye mashine za shina la mviringo hutumia jambo hilohilo kwa faida yao: huizungusha sindano kidogo sana, kwa makusudi, mpaka vishono vilale wanavyotaka. Kwao ni ustadi. Kwa anayeshona sare za shule, sindano inayojizungusha bila ruhusa humpa mwinamo tofauti asubuhi na jioni.

Usimwamini mtu anayekwambia tu kwamba bapa iangalie kulia, au iangalie kushoto. Anakuambia habari za mashine yake. Kanuni isiyobadilika ni kwamba mfereji mrefu uwe upande ambako uzi unaingilia na pale palipobonyea paelekee ndoano. Na kiongozi cha mwisho cha uzi, kile kilicho juu kidogo ya sindano, ndicho kinachoonyesha upande wa kuingilia. Sindano ikiwekwa kinyume kabisa, mashine itaruka vishono au itakataa kushona. Kishono kimoja kirefu kilichoruka katikati ya vifupi huonekana kombo, na watu huanza kutibu ukombo wakati ugonjwa ni kuruka.

Sindano za ngozi ni mtego mwingine. Ncha yake ni kisu kidogo. Haisukumi nyuzi za kitambaa kando, inazikata. Mkato wenyewe una mwelekeo, na uzi hulala ndani ya mkato kama ulivyochanjwa. Viwanda vya sindano hutengeneza ncha hizo kwa makusudi, nyingine za kutoa mshono wa hanamu unaopendeza kwenye viatu na mikoba, nyingine za kunyoosha. Kwenye kitambaa cha kufuma hazina kazi ila kukitoboa na kukipinda.

Kisha uzi. Karibu uzi wote wa cherehani husokotwa kuelekea upande mmoja, ule ambao wafumaji huuandika kwa herufi Z, na ndoano za mashine zimebuniwa kwa msokoto huo. Uzi uliosokotwa kinyume, au uliosokotwa kwa ulegevu, hufumuka kidogo kila unapopita kwenye sindano, na uzi uliofumuka haulali sawa: unatanuka, unajikunja, unaegemea. Jaribio lake ni la vidole. Shika kipande cha uzi kwa mikono miwili, kisha kisokote kwa mkono wa kulia ili upande wake wa juu uje kwako. Uzi ukikazika, msokoto ni wa Z. Ukifumuka, urudishe dukani, au uutumie kushikiza kwa mkono. Uzi wa bei rahisi ambao unene wake unabadilika kila nusu mita hauna jaribio, unaonekana.

Na ile skurubu ya mkazo? Ina kazi yake, lakini si hii. Mkazo mbaya unaweza kuikuza hanamu au kuificha, hauiumbi. Fundo la nyuzi mbili linatakiwa lijifiche katikati ya unene wa nguo, na kazi ya skurubu inaishia hapo. Kabla ya kuigusa, tunga uzi upya mguu ukiwa juu, kwa sababu mguu ukiwa chini visahani vya mkazo vimebanana na uzi unapita juu yake badala ya katikati. Halafu tazama chini ya ile bati nyembamba ya nyumba ya bobini: kibonge kidogo cha vumbi la nyuzi kikijibana hapo, mkazo wa chini unapotea wote na hakuna kuzungusha kutakakouokoa. Ukitaka kuupima, ning'iniza nyumba ya bobini kwa uzi wake na uutingishe kidogo. Ishuke kidogo na kusimama. Ikiporomoka imelegea, isipoteremka kabisa imekazwa mno. Hayo yakishafanyika, wengi hugundua kwamba skurubu ilikuwa sawa tangu mwanzo.

Sasa tuje kwenye matundu yenyewe yanayotangatanga, ambayo ni hadithi ya namna nguo inavyosogezwa.

Cherehani ya Elias Howe, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1846, iliweza kutengeneza mshono wa nyuzi mbili kwa uhodari, lakini nguo ilining'inizwa kwenye pini za bati lililokuwa likisogea pamoja nayo. Bati likifika mwisho, mashine inasimama, nguo inatolewa, bati linarudishwa, nguo inatundikwa tena. Mshono ulikuwa wa mstari ulionyooka tu na wa urefu wa lile bati. Mwaka 1854 Allen B. Wilson alipata hataza ya meno yanayofanya miendo minne: kupanda, kusogeza nguo, kushuka, kurudi. Singer 15 inafanya hivyohivyo, Butterfly inafanya hivyohivyo, na mashine zinazotoka kiwandani leo pia. Mshonaji alipata uhuru wa kugeuza nguo apendavyo. Pamoja na uhuru huo alipokea jukumu ambalo pini za Howe zilikuwa zimemwondolea.

Maana meno hayaongozi. Yanasukuma tu, na nguo huenda mbele moja kwa moja pale tu ambapo msukumo wa kushoto na wa kulia ni sawa. Chochote kinachopunguza msukumo upande mmoja, nguo itageukia upande huo. Ukilielewa hilo, sababu nyingi zinazotajwa na mafundi kama mambo tofauti zinageuka kuwa jambo moja.

Vumbi la nyuzi likishindiliwa katikati ya safu za meno huwa gumu kama kipande cha mpira, linapandisha nguo na kuzuia meno yasiume. Likiwa zaidi upande mmoja, mstari unahama. Fungua skurubu za bamba la sindano, lichokonoe vumbi hilo kwa sindano kuukuu, lifagie kwa brashi, na usipulize kwa mdomo, kwa sababu pumzi ina unyevu na unyevu ni kutu. Katika mashine iliyofanya kazi miaka bila kufunguliwa, kazi hii peke yake hutibu nusu ya malalamiko. Sisemi kwa takwimu, nasema kwa kiasi cha vumbi kinachotoka.

Mguu nao una vidole viwili, na vyote viwili vinatakiwa kukanyaga sawa. Skurubu yake hulegea kwa mtikisiko, mguu unazunguka kidogo, na kidole kimoja kinabaki nusu hewani. Kuutazama ni rahisi: ushushe juu ya meno bila nguo, inama, angalia mwanga unaopita chini yake. Miguu inayouzwa leo haikutengenezwa yote kwa uangalifu wa ile ya awali. Mingine ufa wake hauko katikati, sindano inashuka ikikaribia kidole cha kushoto kuliko cha kulia, na mshonaji anayepima ukingo kwa mguu anajikuta akipima kwa rula iliyokosewa. Kama una mguu wa awali uliopotea droo ya chini, urudishe kazini.

Kuna pia mguu ulio mzima lakini unakanyaga mahali pabaya. Ukishona pembeni kabisa ya nguo, kidole kimoja kiko juu ya kitambaa na kingine kiko juu ya bamba tupu. Mguu umelala upande, na nguo inateleza. Ukishona kando ya mshono mnene wa jinzi, hali ni hiyohiyo kwa sababu ya ngazi iliyopo. Fundi mzoefu hukunja kipande cha kitambaa cha unene uleule na kukiweka chini ya kidole kilicho hewani. Hakuna kifaa cha kununua hapo.

Uzito wa nguo hausemwi vya kutosha. Meza ya cherehani ya miguu ni ndogo. Gauni la harusi lenye tabaka za nyavu, pazia la dirisha kubwa, au shuka la kitanda cha sita kwa sita likining'inia kushoto mwa meza huvuta mstari kushoto kwa muda wote, na mshonaji, bila kujua, anavuta kulia ili kulipiza. Matokeo ni mawimbi. Kiti cha pili kilichowekwa kushoto kubeba nguo kinafanya kazi kuliko skurubu yoyote ile. Na mkono wa nyuma, ule unaovuta nguo ikitoka chini ya sindano, uache tabia hiyo. Unapinda sindano ikiwa bado ndani ya kitambaa, na sindano iliyopindwa inatua pembeni ya pale ilipotakiwa, mara nyingine juu ya chuma. Macho nayo yasikae kwenye sindano, kwani sindano inapanda na kushuka na haina la kukueleza. Yakae kwenye ukingo wa nguo, pale unapopita kando ya alama. Utepe wa plasta uliobandikwa juu ya bamba, sambamba na mguu, ni alama ya kutosha.

Sindano nyembamba kwenye nguo nene nayo hutangatanga, lakini kwa namna yake: matundu hayahami taratibu, yanarukaruka. Inapokutana na mkunjo mgumu inateleza kufuata njia nyepesi. Tundu la bamba likiwa pana, sindano haina kinachoizuia. Hapa mashine za zamani za mshono wa moja kwa moja zina faida, kwa kuwa bamba lake lina tundu dogo la mviringo. Mashine za zigizaga zina ufa mpana, na nguo laini husukumwa humo ndani kila sindano inaposhuka. Zigizaga za mitumba kutoka Ulaya zina ugonjwa wa ziada: kitasa cha upana kikiwekwa kwenye sifuri, sifuri hiyo si sifuri tena baada ya miongo ya matumizi. Kwenye karatasi utaona matundu yakibadilishana pande, moja kulia, moja kushoto, kwa tofauti ndogo kabisa. Hiyo ni kazi ya fundi wa mashine, na ni mojawapo ya mara chache ambapo kumwita ni halali mapema.

Malalamiko ya tatu yanahitaji jicho kuliko bisibisi. Kitenge na kanga ni vitambaa vilivyochapwa, na picha iliyochapwa si lazima ifuate nyuzi za kitambaa. Doti ya kanga inapokatwa ili kila moja ipindwe, fundi anaweza kufuata uzi wa kitambaa na kupata mshono ulionyooka kwa rula, lakini pindo lililochapwa likawa limelala upogo kwa sentimita moja kutoka mwisho hadi mwisho. Mteja hapimi kwa nyuzi za kitambaa; anapima kwa pindo na kwa maandishi yaliyo chini ya mji wa kanga. Ataona mshono kombo, na kwa jicho lake ana haki. Akifuata pindo, fundi atampendeza mteja leo, na kanga ikifuliwa mara kadhaa itajivuta kurudi kwenye nyuzi zake. Mimi ningefuata pindo kwenye kanga, kwa sababu inajifunga na kujikunja mwilini na hakuna atakayeipima tena; kwenye gauni la kitenge lililokatwa kwa vipimo ningefuata nyuzi, na kumweleza mteja kabla ya kukata. Wapo mafundi wazuri watakaopinga nusu ya hukumu hiyo.

Vitambaa viwili vinavyoshonwa pamoja navyo hudanganya. Meno yanakishika cha chini tu. Cha juu kinaburuzwa chini ya mguu na hubaki nyuma. Mwisho wa mshono cha juu kinazidi, fundi anakivuta kukilazimisha kifike, na mshono unajikunja. Aliyekata kimoja kwa hanamu na kingine kwa kufuata nyuzi ataona makubwa zaidi, maana kitambaa cha hanamu hunyumbuka kikivutwa. Kupunguza kidogo nguvu ya mguu, kwa ile skurubu iliyo juu ya mti wake, husaidia. Kushikiza kwa mkono kabla ya kushona husaidia zaidi, na watu wanakukwepa kwa sababu kunachosha.

Yote hayo yakishaondolewa ndipo chuma kiangaliwe. Mti wa sindano hupanda na kushuka ndani ya bushi mbili, na mashine iliyokosa mafuta kwa miaka huzila bushi hizo. Shusha sindano hadi chini kabisa, shika kibano chake kwa vidole viwili, tikisa kushoto na kulia. Mashine iliyo nzima huachia kidogo. Inayocheza mpaka ukaona kwa macho imelika. Hapo sindano haitui mahali pamoja mara mbili, na hakuna uzi wala mguu utakaoiponya. Kabla ya hukumu, hakikisha haijajaa mafuta ya kula. Mafuta ya kupikia huganda na kuwa gundi ya rangi ya chai, mti unakwama na kushuka kwa kusuasua, na mashine nzima inakuwa nzito miguuni. Mafuta ya taa kidogo huiyeyusha gundi. Kisha ifutwe, ipakwe mafuta ya cherehani, na ikimbizwe bila uzi mpaka iwe nyepesi.

Kitu kimoja kisiguswe kwa sababu ya mshono kombo, nacho ni mwafaka wa sindano na ndoano. Sindano inapofika chini na kuanza kupanda, baada ya kupanda takriban milimita 2 hadi 2.5, ncha ya ndoano inatakiwa iwe nyuma yake, juu kidogo ya tundu. Mwafaka huo ukivurugika mashine inaruka vishono au inakata uzi, haishoni hanamu. Fundi anayeanza kwa kupandisha mti wa sindano au kupiga tupa ncha ya ndoano kwa ajili ya vishono vilivyoinama anatengeneza kitu kisichoharibika, na ncha iliyopigwa tupa hairudi.

Bushi zikiwa zimelika kweli, hesabu ya matengenezo mara nyingi haina maana. Vichwa vya umbo la Singer 15, vya asili na vya kuiga, vingi vina vipimo vya kitako vinavyofanana, kwa hiyo kichwa kingine hukaa kwenye meza ileile, kwa bawaba zilezile na mkanda uleule. Anayekwenda kukitafuta asivutwe na nakshi za dhahabu ubavuni, ambazo hupandisha bei bila kushona chochote. Azungushe gurudumu kwa mkono asikilize kama kuna mahali panapokwama, atikise mti wa sindano, apitishe kidole kwenye ukingo wa tundu la bamba kuona kama limechubuliwa na sindano zilizovunjika, na atazame ncha za meno kama bado zinakwaruza ngozi. Rangi iliyobabuka inapakika.